Wazee wa mapenenga hawajalipwa, na mimi naitwa Udahili

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 34, mzaliwa wa Rungwe. Nafanya kazi katika chuo kikuu kimoja hapa Mbeya ambacho naomba nisikitaje. Barua yangu ya ajira inasema Afisa Tawala, lakini muda mrefu sasa nimebebeshwa "uratibu wa sanaa na utamaduni". Maana yake ngoma, kwaya, maonyesho, mashindano ya mashairi ya wanafunzi na kila mgeni anayetaka kuona "vitu vya asili" vinaishia mezani kwangu. Meza yenyewe iko stoo ya majoho ya mahafali.

Kazi naipenda, sitakudanganya. Niliwahi kuwaleta akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe, kule ziwani, wakakaa na wanafunzi kutwa nzima wakifinyanga. Darasani kulikuwa na vijana wa Kyela waliokula chakula cha vyungu hivyo tangu utotoni, na hawakuwahi kuona kimoja kikitengenezwa. Siku ile nilirudi nyumbani naimba.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Kwenye mahafali yaliyopita bosi aliniambia nitafute ngoma ya kumpokea mgeni rasmi. Nikawaita wazee wa mapenenga kutoka kijiji kimoja cha Kyela. Kiongozi wao namwita babu, naye ananiita mjukuu wangu. Walikuwa kumi na wawili, tukakubaliana laki sita, mbali na Coaster ya kuwaleta na kuwarudisha. Walifika usiku wa kuamkia sherehe, wakalala darasani. Asubuhi wakasimama kwenye manyunyu tangu saa mbili mpaka saa tano mgeni alipoingia. Wakapuliza vibuyu vyao dakika saba. MC akasema, "Asanteni wazee wetu kwa burudani." Wakapewa wali na soda, wakapanda gari.

Laki sita haijatoka mpaka leo. Mhasibu anasema mkaguzi wa ndani amerudisha vocha kwa sababu haina risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mama, mzee wa mapenenga atoe wapi mashine ya EFD?

Halafu mhadhiri wetu mmoja aliwarekodi wakijipasha nyuma ya ukumbi. Katika nyimbo alizorekodi mna mmoja ambao kwao huimbwa msibani. Ameuweka kwenye chaneli yake ya YouTube, kichwa chake "Burudani ya Wanyakyusa". Kijana wa babu anayeishi Tunduma akauona, akampelekea mzee. Tangu siku hiyo babu hapokei simu yangu.

Wakati bado nahangaika na hilo, utumishi wameniletea barua: nahamishiwa Ofisi ya Udahili kuwa Afisa Udahili Mwandamizi. Mshahara unapanda, napata ofisi na msaidizi. Napaswa kujibu kabla ya mwisho wa Machi. Kaka yangu anasema sikusomeshwa chuo ili niwe mpiga debe wa ngoma. Mama yangu anasema mchungaji ameanza kuuliza kama bado nahangaika na mizimu. Rafiki yangu wa ofisini ananishauri nikope kwenye kikoba, niwalipe wazee, ninawe mikono, niende zangu Udahili.

Niende au nibaki? Na kwa babu nafanyaje?

Wako,
Mratibu wa Stoo, Mbeya

*

Marahaba, binti yangu.

Swali la kwenda au kubaki umelitanguliza, na la babu ukalibandika mwishoni. Mimi naanza na la mwishoni, maana ndilo lililokufanya uandike. Mtu anayechagua kati ya kazi mbili tu hanisimulii manyunyu na saa tatu za kusimama.

Usikope kwenye kikoba. Najua rafiki yako anakutakia mema, lakini fikiri kitakachotokea ukiwalipa wazee kwa mfuko wako. Vocha itafia kabatini. Kwenye vitabu vya chuo hakutakuwa na deni, na Novemba ijayo bosi atakuambia tena, "Waite wale wazee," kwa sababu kwa hesabu zake mara ya kwanza walikuja bure. Deni si lako, ni la chuo, na kazi yako ni kulifanya lionekane lilivyo. Ukiwa na huruma nunua sukari na sabuni za kumpelekea bibi nyumbani. Laki sita itoke ilikoahidiwa.

Sasa tuingie kwenye makaratasi, maana hapo ndipo kazi yenu inapofia, na wapenda utamaduni wengi hawapapendi. Mkaguzi wa ndani si adui yako. Ameletewa vocha ya malipo kwa watu kumi na wawili bila karatasi hata moja inayoonyesha ni akina nani na walifanya nini. Mimi ningekuwa mkaguzi ningeirudisha pia. Risiti ya EFD inadaiwa kwa mfanyabiashara, na hata miongoni mwa wafanyabiashara wale wadogo kabisa hawalazimiki kuwa na mashine hiyo. Wazee wako si duka. Kwa hiyo andika dokezo kwa mhasibu kupitia kwa bosi wako, ueleze hivyo kwa lugha ya upole, kisha uambatishe barua ya mwaliko, ratiba ya mahafali inayoonyesha ngoma ilipangwa saa ngapi, na orodha ya wazee wote yenye majina, sahihi au dole gumba, na namba za simu. Kama kikundi kimesajiliwa, weka nakala ya cheti. Barua ya serikali ya kijiji inayowatambua inasaidia sana, na mtendaji hawezi kukunyima. Muulize mhasibu mapema kuhusu kodi ya zuio, usije ukamwambia babu laki sita kisha ikafika pungufu ukaonekana mwongo mara ya pili.

Kama barua ya mwaliko haipo, na nina wasiwasi kwamba haipo kwa sababu umeandika "tukakubaliana" bila kusema wapi, basi mwombe bosi aandike leo barua ya kuthibitisha kwamba kikundi kilialikwa na chuo. Tarehe iwe ya leo. Asirudishe nyuma hata siku moja.

Nakusisitizia karatasi kwa sababu ya jambo moja ambalo watu wa nyanda zetu hizi wangepaswa kulikumbuka kuliko wengine. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliandikwa kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246, kwamba Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Lilifika Kalenga, karibu na Iringa, mwaka 1954. Miezi sita iligeuka miaka thelathini na tano, lakini kwa kuwa lilikuwa limeandikwa, kulikuwa na cha kudai miaka yote hiyo. Wazee wako wa Kyela hawana hata mstari mmoja.

Kisha fanya uchunguzi mdogo. Waulize wahasibu kwamba malipo ya ngoma yaliombwa kutoka kasma gani, yaani fungu gani la bajeti. Nabashiri jibu: takrima, fungu la kukirimu wageni. Vyuo vingi ndivyo vinavyofanya, na hata kwenye halmashauri nilikofanya kazi ya utamaduni mpaka nikastaafu mambo yalikuwa hayo hayo. Ngoma inawekwa kifungu kimoja na soda, maji na maua ya meza kuu. Kwenye vitabu vya chuo chako, mapenenga ni kiburudisho. Usishangae basi MC akiita burudani na mhadhiri akiita burudani. Wamefuata hesabu zinavyosema. Na takrima ikikatwa katikati ya mwaka, kama inavyokatwa kila mwaka, mzee ndiye anayekatwa.

Ungekuwa na kasma yenye jina lake, hata iwe ya milioni tano tu, mambo yangekuwa tofauti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na makisio ya vyuo huandaliwa miezi hii tuliyomo. Andika ukurasa mmoja. Usiandike "kukuza na kuenzi utamaduni wetu", maneno hayo kila mtu anayakubali na hakuna anayeyatolea pesa. Andika: mara nne kwa mwaka wataalamu wa jadi watafundisha pamoja na wahadhiri, posho ya kila mtaalamu ni kiasi fulani, nauli kutoka Kyela au Makete ni kiasi fulani, chakula, malazi ya kitanda na si ya darasani. Taja kozi zitakazofaidika. Mwalimu wa fasihi simulizi anawahitaji wazee hao. Mwalimu wa historia anawahitaji. Wakufunzi wa ujasiriamali wanaotafuta mifano kila siku wangewapeleka wanafunzi soko la Lyulilo, pale Matema, wakawasikilize akina mama wa Kikisi wanavyopanga bei kulingana na ukubwa wa chungu na umbali wa mnunuzi. Pata sahihi za wahadhiri wawili au watatu chini ya ukurasa huo. Afisa Tawala akiomba pesa za ngoma anaonekana anataka sherehe, lakini mhadhiri akiomba mtaalamu wa kufundisha anasikilizwa. Inaudhi, najua. Itumie hivyo hivyo.

Zile dakika saba za mahafali usizikatae. Itifaki ina mahitaji yake, na wazee wengi wanapenda kuonekana mbele ya mgeni rasmi. Ila jina la kikundi, kijiji na kiongozi liwe kwenye ratiba iliyochapwa, MC alisome, na wasubiri mahali penye paa.

Nije kwenye video. Hapa nimekasirika kuliko wewe. Wimbo wa msiba umetolewa mahali pake, ukapewa jina la burudani, na mwenye nao akaja kuuona kwenye simu ya mtoto wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu nzima inayolinda sanaa za jadi za jamii; anayezitoa nje ya matumizi yake ya asili ili ajipatie faida anahitaji kibali. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, nao unataka jamii yenyewe ishirikishwe katika kuutunza urithi wake. Mhadhiri anaweza kubisha kwamba chaneli yake haiingizi hata shilingi. Abishe. Hoja yako ya kwanza isiwe sheria.

Nenda ofisini kwake ukiwa peke yako. Mwambie, "Daktari, mmoja wa nyimbo ulizorekodi ni wa msiba, mzee ameuona, ameumia. Tuutoe leo, kisha twende wote Kyela tukaombe radhi." Nina hakika kiasi kwamba hakujua. Watu wengi waliosoma mbali na kijijini hawajui kwamba ngoma zina siku zake. Akikubali, umepata mwenzako wa kutia sahihi ule ukurasa wa bajeti. Akikataa, hapo ndipo unaandika barua kwa mkuu wa idara yake ukitaja sheria na mwaka wake, nakala kwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Wengi hulainika wakiona neno nakala.

Na kuanzia sasa mtu asinyanyue kamera mbele ya wageni wako kabla hamjajaza fomu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, unaosomwa kwa sauti mbele ya kikundi: tunarekodi nini, kwa kazi gani, itahifadhiwa wapi, nani anaweza kuiona, na nyimbo zipi hazirekodiwi. Kikundi kipewe nakala ya kila kilichorekodiwa kwenye memori kadi, maana wazee wanakufa na wajukuu watataka kuwasikia. Hilo la mwisho ndilo linalowafanya watie sahihi kwa moyo mweupe, kuliko hata posho.

Haya, Udahili.

Sitakuambia ubaki kwa sababu utamaduni unakuhitaji. Maneno hayo yamewazeesha watu wengi stoo. Mshahara ni mshahara, una miaka 34, na kaka yako ingawa amekutukana anaona jambo la kweli: huna ngazi ya kupanda. "Mratibu" si kada, ni jukumu ulilobandikwa. Serikalini Afisa Utamaduni ana muundo wake wa utumishi, anaanza chini, anapanda hadi mwandamizi na kuendelea. Wewe kwenye mafaili ni Afisa Tawala, kwa hiyo kila ulichofanya na akina mama wa Ikombe hakihesabiki popote. Kama chuo chenu ni cha umma, fungua malengo yako kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, uone kama neno utamaduni limo hata mara moja. Kama halimo, kwa mwajiri wako umekuwa mwaka mzima hufanyi kitu.

Kwa hiyo jibu barua ya utumishi kabla ya mwisho wa Machi, na ujibu kwa masharti. Washukuru kwa kukuamini. Waambie upo tayari kubaki kwenye utamaduni endapo utabadilishiwa kada, utapewa cheo kinacholingana na hicho cha Udahili, na kitengo kitakuwa na kasma yake kuanzia Julai. Ambatisha ule ukurasa. Barua ya Udahili ndiyo silaha yako pekee ya kudai, kwa sababu inaonyesha chuo chenyewe kimekubali kwamba unastahili cheo cha juu. Ukishaikataa bila masharti, silaha imekwenda.

Wakikubali, baki, tena utafute shahada ya pili inayoendana na kazi. Idara ya akiolojia na urithi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuulizia. Wakikataa, nenda Udahili, na uende bila kuona haya. Chuo ambacho hakiwezi kuipa kazi hii jina wala milioni tano hakitaikamilisha kwa machozi yako. Kabidhi faili la kila kikundi kwa maandishi, na ukiwa huko Udahili bado unaweza kuwa mtu anayewakumbusha wenzake kwamba wanafunzi wa Rungwe, Kyela na Makete wanakuja na kitu kichwani zaidi ya alama za kidato cha sita.

Bosi wako akisema jambo hilo halijawahi kufanyika vyuoni huku kwetu, mpeleke Iringa. Pale mjini kuna Boma, jengo la Wajerumani la mwaka 1900 lililokuwa hospitali. Mwaka 2016 lilifunguliwa kuwa makumbusho na kituo cha utamaduni kupitia mradi wa Chuo Kikuu cha Iringa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Akaone vikapu vya milulu, akasome habari za Wahehe na majirani zao, kisha amuulize mtu wa pale maswali ya kiutawala: mshahara unatoka wapi, umeme nani analipa. Hayo ndiyo atakayoyaelewa. Angalizo langu kwake na kwako ni kwamba pesa za wafadhili huja na tarehe ya mwisho. Mradi unaweza kufungua mlango, lakini anayeufungua kila asubuhi lazima awe kwenye bajeti ya mwenye nyumba. Ndiyo maana nakuambia anza na milioni tano za chuo kabla ya kuandika maombi ya milioni mia kwa balozi yoyote.

La mchungaji nalipita haraka. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mjadala wa ngoma na dini haujaisha tangu hapo. Mwalike aje siku akina mama wa Kikisi wakifinyanga. Hakuna mzimu kwenye udongo.

Safari ya Kyela ifanye kabla hujajibu utumishi, hata kama vocha haijapita. Usiende peke yako. Tafuta mtu mzima wa upande wao, mwanakijiji anayemheshimu mzee, akutangulie kubisha hodi. Beba nakala ya dokezo lenye muhuri wa mapokezi ya mhasibu, ili babu aone kwa macho yake kwamba deni lake limeandikwa mahali. Eleza habari ya pesa kwanza, yote, pamoja na usilolijua bado, yaani tarehe ya kulipwa. Usimpe tarehe ya kubuni. Ukimaliza, kaa kimya. Video aitaje yeye mwenyewe, na akiitaja usimtetee mhadhiri, hata kama mmekwenda naye na amekaa hapo pembeni yako.